Ookla, Fast, M-Lab au Cloudflare: upime kwa kipi intaneti yako mpya Mombasa?

Fundi akishamaliza kufunga kisanduku ukutani, hutoa simu yake akapima kasi. Namba ikitokea nzuri anamwonyesha mwenye nyumba. "Umeona, mama? Tisini na sita." "Nimeona mwanangu, ahsante." Sahihi inatiwa, ngazi inafungwa kwenye pikipiki, fundi huyo kaenda. Usiku watoto wanafungua vidio kwenye televisheni, baba yuko kwenye mkutano wa Zoom, na sura za wenzake zinaganda midomo wazi. Mama anachukua simu yake, anapima kwenye tovuti nyingine, anapata 31. Asubuhi anapiga simu kwa kampuni, na anajibiwa kwamba kipimo cha fundi kiko kwenye kumbukumbu na kinasema 96.

Huenda wote wawili wamesema kweli. Zile namba mbili hazikupima kitu kimoja. Seva, yaani kompyuta ya upande wa pili inayotumiana data nawe, ni tofauti, namna ya kupima ni tofauti, saa ni tofauti, na simu ya fundi ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye ruta ilhali ya mama ilikuwa jikoni. Kwa hiyo ukiuliza kipimo kipi ni sahihi, nami nitakuuliza unataka kujua nini. Kujua kama kampuni imekupa ulicholipia ni jambo moja. Kujua kama mkutano wa saa mbili usiku utakatika ni jambo jingine kabisa, na kipimo chake ni kingine. Vinne ninavyovilinganisha hapa vyote ni vya bure: Speedtest ya Ookla, Fast.com ya Netflix, kipimo cha M-Lab, na kile cha Cloudflare.

Kabla ya kuchagua, iondoe waifai

Hakuna hata kimoja kati ya vinne hivi kinachoweza kujua kama udhaifu uko kwenye faiba iliyoingia nyumbani au kwenye waifai iliyo kati ya ruta na simu yako. Kinaona njia nzima kama kitu kimoja, na Mombasa sehemu ya waifai ina visa vyake. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo mawimbi ya 5 GHz hufikia mwisho wake humo. Yale ya 2.4 GHz hupenya zaidi, lakini ni ya polepole, na kwenye maghorofa ya Bamburi au Tudor ruta za majirani zote zinagombea nafasi ileile. Mtu analipia Mbps 100, yaani megabiti mia kwa sekunde, chumbani anapata 25, na faiba haina kosa lolote.

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao, Cat5e au wa daraja la juu yake. Zima VPN, ile programu inayopitisha data yako kwenye seva ya mtu mwingine kwanza. Zima televisheni, na kama una kamera za usalama zinazopeleka picha mtandaoni, zizime nazo kwa dakika tano. Kompyuta isiyo na tundu la waya, na nyingi za siku hizi hazina, basi tumia simu, simama chumba kimoja na ruta, mita mbili tatu, ukiwa umeunganishwa kwenye 5 GHz. Matokeo hayo si safi kama ya waya lakini yanafaa.

Kuna mtego mmoja unaopoteza watu wengi waliohamia vifurushi vikubwa. Ukilipia Mbps 200 na kila kipimo, kwa waya, kinakupa 93 au 94, asubuhi na usiku, haipandi wala haishuki, usiipigie kampuni kwanza. Namba hiyo ni alama ya tundu la zamani la Mbps 100, ama kwenye ruta ama kwenye kompyuta, au ni waya ambao baadhi ya nyuzi zake nane zimekatika ndani. Badilisha waya, kisha jaribu tundu jingine. Vilevile anayelipia gigabiti moja akiona 940 asilalamike, hiyo ndiyo gigabiti yenyewe baada ya kutoa gharama za usafirishaji wa data.

Speedtest ya Ookla

Hiki ndicho kipimo cha fundi, ndicho cha kampuni, ndicho cha kila mtu. Ookla ipo tangu 2006 na ina seva kila pembe ya dunia, nyingi zikiwa zimewekwa na kampuni za intaneti zenyewe. Ukibonyeza kuanza, inatafuta seva iliyo karibu nawe, kisha inafungua miunganisho kadhaa kwa mpigo na kujaza bomba lako mpaka lisiweze kupitisha zaidi. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kifurushi huuzwa kwa uwezo wa juu kabisa wa laini, na Ookla inapima uwezo huohuo.

Udhaifu wake umejificha ndani ya nguvu hiyo. Seva iliyochaguliwa yenyewe mara nyingi ni ya kampuni yako, au imekaa ndani ya mtandao wake. Data imetoka kwako, imefika kwao, imerudi. Haikuvuka kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Umethibitisha kwamba waya kutoka nguzo ya barabarani mpaka kwa kampuni ni mzima, lakini hujajua chochote kuhusu kinachotokea baada ya hapo.

Dawa yake imo ndani ya Ookla yenyewe, na nashangaa ni wachache wanaoitumia. Kuna sehemu ya kubadilisha seva. Pima kwanza na ile iliyochaguliwa, halafu chagua ya kampuni nyingine iliyoko Mombasa au Nairobi, halafu moja ya mbali, tuseme London au Mumbai. Namba tatu zikiwa karibukaribu, umepata laini nzuri kweli. Ya kwanza ikiwa 98, ya pili 95, na ya London 12, basi kampuni yako ina njia finyu ya kutoka nje, na hilo hutaliona kamwe kwenye simu ya fundi. Kwenye tovuti pia unaweza kuchagua muunganisho mmoja badala ya mingi. Jaribu yote mawili.

Kwa laini za Mbps 300 kwenda juu, pakua programu ya Ookla badala ya kutumia kivinjari. Kompyuta ya zamani yenye madirisha ishirini yaliyofunguliwa huchoka kabla ya faiba kuchoka.

Fast.com

Netflix walikianzisha 2016. Ukifungua ukurasa kinaanza chenyewe, hakuna matangazo, hakuna kitufe, kuna namba moja kubwa katikati. Seva zake ni zilezile zinazotoa filamu za Netflix, kwa hiyo kinakuonyesha njia halisi ambayo filamu itapita. Kampuni ambayo ingependa kubana Netflix kimyakimya na kuacha vipimo vikimbie ingepata taabu hapa, maana kipimo na filamu vinatoka nyumba moja.

Ukibonyeza sehemu ya maelezo zaidi unapata kasi ya kupakia pamoja na pingi mbili, yaani muda wa data kwenda na kurudi: moja ya wakati laini imetulia na nyingine ya wakati ina mzigo. Watu wengi hawafiki huko, nao hukosa sehemu bora ya Fast.

Netflix wenyewe wanasema picha ya 1080p inahitaji Mbps 5, na ya 4K inahitaji 15. Kwa hiyo mtu wa Mbps 100 anayepima Fast kila jioni akiona 70 na kusononeka, anasononekea kitu ambacho filamu yake haikihitaji. Mimi Fast ningempendekezea mzazi anayetaka kujua kama televisheni itacheza bila kusimama, basi. Kwa kulalamikia kampuni hakifai, kwa sababu watakuambia, na si uongo, kwamba hizo ni seva za Netflix na si zao.

M-Lab

Ukiandika kwenye Google kwa Kiingereza kwamba unataka kupima kasi ya intaneti, mara nyingi hutokea kitufe cha kupima hapohapo juu ya matokeo. Kinachofanya kazi nyuma yake ni M-Lab, mradi wa watafiti ulioanza 2009, na kipimo chao kinaitwa NDT. Tofauti yake kubwa na Ookla ni kwamba kinatumia muunganisho mmoja tu, kwa takriban sekunde kumi kila upande. Ookla inatuma mikokoteni kumi kutoka soko la Kongowea kwa wakati mmoja na kuhesabu magunia yote yaliyofika. M-Lab inatuma mmoja na kuangalia umefika kwa haraka gani. Mkokoteni mmoja ukikwama kwa Ookla, tisa imepita. Kwa M-Lab ukikwama ndio huohuo.

Kitaalamu, anayetuma data hungoja kujibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa ndipo aongeze mwendo, na kipande kikipotea njiani anapunguza. Laini inayopoteza vipande kidogokidogo, kwa mfano faiba iliyopindwa vibaya kwenye kona ya dirisha au kiunganishi kilichoingia vumbi, inaweza kupata 90 kwa Ookla na 20 kwa M-Lab. Pengo kubwa namna hiyo linalojirudia ni dalili ya ugonjwa, na ndiyo sababu ya mimi kukithamini kipimo hiki kuliko sifa yake mitaani.

Jambo la pili ni kwamba seva za M-Lab huwekwa nje ya mitandao ya kampuni zinazouza intaneti majumbani, pale mitandao inapokutana. Data inalazimika kuvuka mpaka. Lakini kwa laini za kasi kubwa sana, muunganisho mmoja hauwezi kulijaza bomba, kwa hiyo mwenye Mbps 500 asikitumie M-Lab kudai amepunjwa. Na ujue kwamba matokeo yote ya M-Lab huchapishwa wazi kwa ajili ya utafiti, pamoja na anwani ya IP iliyotumika. Asiyependa hilo asibonyeze.

Cloudflare

Kipimo cha Cloudflare hakina mvuto wa kwanza. Ukurasa umejaa michoro, namba zinahama kwa muda mrefu, na mtu wa haraka atafunga kabla hakijamaliza. Kinatuma faili dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, na mwisho kinakupa mambo ambayo namba moja haiwezi kubeba: pingi laini ikiwa tupu, pingi laini ikiwa na mzigo, jinsi pingi inavyoyumba, na vipande vilivyopotea njiani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo lile fumbo la Zoom linapofumbuliwa. Pingi ni muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Laini ikiwa tupu unaweza kupata 10 na ukafurahi. Sasa mtoto aanze kupakua mchezo wa gigabaiti 40. Ruta ikipokea data nyingi kuliko inavyoweza kupitisha, inaipanga foleni, na ruta nyingi za bure zina foleni ndefu mno. Sauti yako ya Zoom, ambayo ni data ndogo sana, inasimama nyuma ya mchezo wote. Kasi bado ni 90, kila kipimo cha namba moja kinakusifu, ilhali pingi imeruka kutoka 10 hadi 400. Sikio la binadamu linaanza kusumbuka mapema zaidi ya hapo, na watu wanaanza kukatizana maneno.

Kwa hiyo ukitumia Cloudflare, iache ile namba kubwa ya juu, linganisha pingi mbili. Ikitoka 10 ikafika 30 au 40 chini ya mzigo, una laini ya kufanyia kazi. Ikivuka 200, hata ukiongeza kifurushi mara mbili tatizo linaweza kubaki palepale, kwa sababu linatokana na foleni. Tafuta kwenye mipangilio ya ruta sehemu ya QoS au SQM, yaani ile inayopanga foleni ya data, weka kikomo cha kasi chini kidogo ya ile unayopata, kama asilimia 90, upime tena. Ruta isiyokuwa na sehemu hiyo ndiyo ya kubadilisha kabla ya kubadilisha kampuni.

Tazama pia jina la mji wa seva. Cloudflare wana kituo hapa Mombasa na kingine Nairobi, lakini kipi kitakuhudumia inategemea kampuni yako imejiunga wapi na wengine. Mtu aliyeko Nyali anaweza kukuta anahudumiwa na Nairobi, au hata nje ya nchi. Ukiona hivyo, pingi kubwa isikushangaze.

Bahari iko hapa, lakini

Watu wa Mombasa tunapenda kusema intaneti ya Kenya inaingilia kwetu, na ni kweli. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010, LION2 2012, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Lakini kuishi karibu na mahali waya unapotoka baharini hakukupi kasi zaidi. Mara nyingi data yako hupanda kwanza Nairobi, ambako kampuni zina mitambo yao, ndipo ishuke tena pwani ielekee baharini.

Umbali nao hauondolewi na kifurushi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi, kama kilomita 500 kwa njia ya waya, ni milisekunde 5 kwenda na kurudi kabla hujahesabu mitambo ya njiani. Ulaya kusini, kwa njia inayozidi kilomita 8,000 ya Bahari ya Shamu, haiwezi kushuka chini ya 80. Anayecheza michezo kwenye seva za Ulaya akiambiwa kifurushi cha Mbps 1,000 kitampa pingi ya 20, anauziwa hewa.

Hilo ndilo linalofanya kipimo cha seva ya karibu peke yake kisitoshe kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na majirani ikalegea. Siku kama ile njia ya Mombasa hadi Nairobi ni nzima, kwa hiyo seva ya Nairobi inaweza kukuonyesha namba safi huku barua pepe ya kazini haifunguki.

Basi uchukue kipi

Siku ya kufungiwa, fundi akiwa bado yupo: Ookla, kwa waya, kwenye kompyuta yako na si simu yake, kasi ya kupakua na ya kupakia zote mbili. Watu husahau kupakia, halafu wanashangaa picha za harusi zinachukua usiku mzima kupanda. Kama kifurushi kinasema "hadi Mbps 100", muulize palepale neno "hadi" linaruhusu kushuka mpaka ngapi, na kama kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inapunguzwa.

Anayefanya kazi nyumbani, anayefundisha kwa vidio, anayepokea simu za wateja wa nje: Cloudflare, kati ya saa mbili na saa nne usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kipimo cha saa nne asubuhi kwake ni pambo. Ningelazimishwa kubaki na viwili tu, ningechukua hicho na Ookla yenye seva tatu.

M-Lab ni ya kutafutia ugonjwa. Laini inasuasua bila sababu, Ookla inasema uko sawa, ndipo unapomwita. Fast ni ya sebuleni.

Mwenye 5G ya nyumbani au Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya 2023, asihukumu kwa kipimo kimoja cha aina yoyote, kwani kasi ya hewani hupanda na kushuka hata ndani ya dakika moja. Apime mara kadhaa kwa saa tofauti na aangalie ya chini kabisa kuliko ya juu. Na kama uko kwenye bando la data lenye kikomo, kuwa mwangalifu: Mbps 200 kwa sekunde kumi ni megabaiti 250, na hapo ni kupakua tu. Vipimo vinne mfululizo vinaweza kumaliza bando dogo kabla hujatazama chochote.

Kama vyote hivi vinakuchosha, pakua faili la gigabaiti moja kutoka mahali unapopaamini na utazame saa. Kwa Mbps 100 linapaswa kuchukua kama sekunde 80 na ushee. Usichanganye tu megabiti na megabaiti: kivinjari kikiandika MB 12 kwa sekunde, hizo ndizo Mbps 96 za fundi, kwa sababu baiti moja ni biti nane.

Ukifikia kulalamika, piga picha za skrini zinazoonyesha saa, seva iliyotumika na kama ulikuwa kwa waya, za usiku na za asubuhi, na uzitume kwa maandishi badala ya kusimulia kwa simu. Wakikujibu upime tena kwa Ookla na seva yao, pima, kisha uwatumie hiyo pamoja na ile ya seva ya kampuni nyingine, zilizopimwa dakika moja baada ya nyingine. Wasipojibu, peleka picha hizohizo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wateja waliokwisha kuanza na kampuni yao.